Kuvuta si kubeba: safari ya kwanza ya trela jipya la kulala

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki ni cha familia moja ya Wakenya wanaoishi Minnesota, Marekani. Wamenipa ruhusa nikiandike ili wengine wajifunze. Nimeondoa majina, mtaa wanaokaa, aina ya gari na trela, duka lililowauzia na kambi waliyolala. Vipimo ni vile tulivyosoma mizanini na kwenye vibandiko, ila nimevigeuza kutoka pauni na maili kuwa kilo na kilomita. Mimi ni jirani yao, na kazi yangu ni udereva wa malori. Niliingia katika kisa hiki Ijumaa jioni nilipopigiwa simu. Hata hivyo, kosa moja nililifanya siku iliyotangulia, na nitalieleza mahali pake.

Usuli

Nyumba hii ina baba, mama na watoto wawili wa miaka 9 na 12. Mama yake baba alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka nyumbani, na walitamani sana akalione Ziwa Superior kabla hajarudi. Kulala chini kwenye hema hakuwezi tena, magoti hayamruhusu. Ndiyo sababu wazo la trela, lililokuwa likizungumzwa miaka miwili, likatimizwa mwishoni mwa Aprili.

Trela lenyewe lina urefu wa mita 8 hivi, na ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, choo na bafu. Uzito wake likitoka kiwandani ni kilo 2,600, na likipakiwa halitakiwi kuzidi kilo 3,450. Gari la kulivuta ni pikapu ya kawaida, ya kiasi kile ambacho familia nyingi huku wanacho. Muuzaji aliuliza aina ya pikapu na mwaka wake, akatazama kompyuta, akasema inaweza kuvuta kilo 4,100. Baba akatoa 3,450 kwenye 4,100, akaona nafasi imebaki, akatia saini.

Alhamisi jioni trela lilipofika nyumbani nilikwenda kulitazama. Nilisifu vitanda, nikafungua friji, nikamwambia shemeji hongera. Sikufungua mlango wa dereva wa pikapu kusoma kibandiko kilichopo kwenye nguzo yake, jambo ambalo kwenye lori langu nisingeliacha hata asubuhi moja. Kaka, ndivyo ninavyomwita baba wa nyumba hii, alinionyesha mali yake akitarajia jicho la mtu wa kazi, nami nikampa jicho la mgeni.

Ijumaa: barabarani

Waliondoka saa tisa alasiri, Ijumaa ya Mei, kuelekea kaskazini kwa barabara ya I-35. Mpango ulikuwa kupita Duluth na kulala kando ya ziwa, mwendo wa zaidi ya kilomita 250. Tangi la maji safi la trela walilijaza nyumbani, lita 150. Nyuma ya pikapu walipakia jenereta, baiskeli, jiko la mkaa, sanduku la barafu lenye nyama, na kuni. (Kuni hizo zisingewafaa hata wangefika, kwa sababu hifadhi za jimbo la Minnesota haziruhusu kuni kutoka popote, ila zilizonunuliwa kwa wauzaji walioidhinishwa, ili kuzuia mbawakawa anayeua miti asisambazwe.)

Tangu mwanzo baba aliona usukani umekuwa mwepesi kuliko kawaida. Magari yaliyokuja mbele yalimwashia taa, akadhani yanamsalimu kwa trela jipya. Kumbe taa zake ziliwapiga machoni, kwa kuwa pua ya pikapu ilikuwa imeinuka.

Baada ya kama saa moja, akiwa katika mwendo wa kilomita 105 kwa saa, lori lilimpita. Upepo wa lori huanza kwa kulisukuma trela kando, na likishapita hulivuta upande wa pili. Trela likayumba mara moja, mara ya pili likayumba zaidi, na mara ya tatu pikapu nzima ikafuata mkia. Baba alikanyaga breki. Mama, aliyekuwa amekaa kando yake, akasema kwa sauti ndogo, "Baba Fulani, acha mafuta, shika usukani tu." Akaachia breki, akaondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani sawa bila kupambana nao. Mwendo ulipofika kilomita 80 hivi trela lilitulia.

Walitoka barabarani karibu na Hinckley, kilomita kama 120 kutoka walikoanzia, wakaingia kituo cha malori, ndipo nikapigiwa simu.

Mizani

Nilimwomba kaka asifungue wala kupakua chochote, aende moja kwa moja kwenye mizani ya kituo. Huku vituo vikubwa vya malori vina mizani ya kulipia, na gari dogo lenye trela linaruhusiwa kupimwa kama lori. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tukisikia mizani tunawaza foleni na polisi. Huku mtu huenda mwenyewe, analipa, anapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli.

Alipima mara mbili. Mara ya kwanza pikapu ikiwa imeungwa na trela: magurudumu ya pikapu yalibeba kilo 3,390, ya trela kilo 2,775. Kisha akaliacha trela pembeni, akarudi na pikapu peke yake, watu na mizigo ikiwa vilevile: kilo 2,975. Tofauti ya 3,390 na 2,975 ni kilo 415, na huo ndio uzito ambao trela liliukalisha juu ya kiungio cha pikapu. Ukiongeza 415 kwenye 2,775 unapata uzito kamili wa trela, kilo 3,190.

Kwa hiyo trela lenyewe halikuwa na hatia. Lilikuwa chini ya kikomo chake kwa kilo 260, na asilimia 13 ya uzito wake ilikaa mbele, katikati kabisa ya kiwango kinachotakiwa cha asilimia 10 hadi 15. Pikapu nayo ilikuwa ikivuta kilo 3,190 wakati inaruhusiwa 4,100. Muuzaji hakusema uongo.

Nikamwambia sasa afungue mlango wa dereva asome kibandiko. Kiliandika kwamba watu na mizigo kwa jumla wasizidi kilo 645. Tukahesabu kwa simu. Watu watano, kilo 295. Mizigo ya nyuma, 135. Tufe la chuma la kuungia na mkono wake, 15. Uzito wa trela juu ya kiungio, 415. Jumla 860. Pikapu ilizidiwa kwa kilo 215, sawa na kumbeba mtu mzima na mwenzake na gunia la mchele juu yao.

Kulikuwa na kibandiko kingine, na hiki ndicho kilichoamua mambo. Kiko chini ya bampa, kwenye kiungio chenyewe, na huonekana tu kwa anayepiga magoti. Kilitoa vikomo viwili: kilo 227 bila springi za kusambaza uzito, kilo 454 zikiwepo. Springi hizi ni vyuma viwili vinavyofungwa kati ya kiungio na trela, vinavyorudisha sehemu ya uzito kwenye magurudumu ya mbele ya gari na sehemu nyingine kwenye magurudumu ya trela. Duka lilikuwa limemfungia tufe tupu.

Maamuzi ya jioni ile, na sababu zake

Nilifika na gari langu la familia baada ya saa moja na nusu. Tulikuwa na mawazo manne mezani, na nayaeleza kwa sababu matatu ya kwanza ndiyo watu wengi huyachagua.

La kwanza lilikuwa la kaka: tuendelee polepole, kilomita 90 kwa saa. Nililikataa. Mwendo mdogo hupunguza kuyumba, ila haurudishi uzito kwenye magurudumu ya mbele, na hayo ndiyo yanayogeuza gari na kufanya sehemu kubwa ya breki. Tena I-35 inapoingia Duluth hushuka kilima kirefu kuelekea ziwani. Gari lenye pua juu halipaswi kukiona kilima kile.

La pili lilikuwa kumwaga maji na kusogeza mizigo ya trela nyuma ili mbele pawe pepesi. Dereva mmoja pale kituoni ndiye aliyetushauri, kwa nia njema. Kumwaga maji ni sawa, kunapunguza kilo 150. Lakini trela la kilo 3,040 linahitaji angalau asilimia 10 mbele, yaani kilo 304, na ukipunguza zaidi mkia unakuwa mzito na kuyumba kunakuwa kubaya kuliko mwanzo. Kiungio bila springi kinabeba 227. Hakuna namna yoyote ya kupanga mizigo itakayotosheleza namba hizo mbili kwa pamoja. Nilipomwandikia kaka hesabu hiyo nyuma ya karatasi ya mizani, aliitazama kimya kwa muda, kisha akazima injini ya pikapu.

La tatu, kurudi nyumbani vilevile, lilikuwa hatari ileile kwa upande mwingine wa barabara.

Tukachukua la nne. Mama alipata kambi ya watu binafsi umbali wa kilomita 9, yenye umeme na maji. Tulikodi pikapu kubwa ya huduma ya barabarani iliyokuwa na kiungio kinachofaa, ikalivuta trela hadi kambini kwa dola 180. Bibi na watoto walipanda gari langu. Kaka alisikitika sana kwa ajili ya ziwa, na kwa ajili ya mama yake zaidi. Bibi ndiye aliyemwambia, "Mwanangu, ziwa halihami."

Kabla trela halijavutwa nilizunguka magurudumu. Nati mbili ziligeuka karibu robo mzunguko chini ya spana. Magurudumu mapya hulegea yanapojikalisha, na kitabu cha trela kilisema zikazwe tena baada ya kilomita 80 na 160. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo. Tairi zilikuwa na upepo wa pauni 48 kwa inchi ya mraba mahali pa 65.

Usiku wa kwanza

Kuanzia hapo mama ndiye aliyeshika kazi. Alikuwa na daftari, akagawa kurasa: maji, umeme, gesi, milango na madirisha. Kabla ya kufungua maji alifunga kidhibiti cha mgandamizo kwenye bomba la kambi, kisha akaweka karatasi za chooni chini ya kila kiungo cha bomba ndani ya trela. Karatasi hulowa kabla jicho halijaona tone. Baada ya dakika kumi karatasi ya nyuma ya choo ilikuwa imelowa. Kiungo kilihitaji kukazwa kwa mkono tu, lakini kingevuja hivyo kwa muda mrefu kingeozesha sakafu ya mbao.

Maji ya moto hayakutoka. Hapa mama aliokoa fedha. Watoto walitaka awashe hita ya maji kwa umeme, yeye akakataa mpaka ahakikishe tangi lina maji. Alifungua kifuniko chini ya kitanda, akakuta valvu tatu bado zimepangwa kwa baridi kali, yaani maji yanapita kando ya tangi bila kuingia. Hita ya umeme ikiwashwa ndani ya tangi kavu, waya wake huungua katika muda mfupi.

Usiku ule baridi ilishuka hadi nyuzi 3 chini ya sifuri. Walitenganisha mpira wa maji na kuumwaga usigande, wakawasha hita ya hewa inayotumia gesi, na juu yake wakawasha hita ndogo ya umeme karibu na kitanda cha bibi. Saa tatu na nusu usiku wakachemsha maji ya chai kwenye birika la umeme, huku mtu mwingine akipasha chakula kwenye maikrowevu. Umeme wa kambi kwa trela kama hili ni ampea 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600. Hita 1,500, birika 1,500, maikrowevu zaidi ya 1,000. Swichi kuu kwenye nguzo ya nje ikajizima.

Hakuna aliyejua. Taa za ndani ya trela hutumia betri ya volti 12, kwa hiyo ziliendelea kuwaka. Feni ya hita ya gesi nayo hutumia betri. Maji ya birika yalikuwa karibu kuchemka, chakula kilikuwa vuguvugu, wakasema yatosha, wakalala. Dalili pekee ilikuwa saa ya maikrowevu iliyokufa, na nani huitazama?

Saa kumi alfajiri king'ora cha gesi kilianza kulia. Bibi ndiye aliyeamka kwanza. Mama hakutafuta sababu. Alifungua mlango, akawatoa wote na mablanketi hadi garini, baba akafunga mitungi ya gesi nje. Baadaye, kwa tochi, walisoma kwenye king'ora chenyewe kwamba mlio ule wa vipindi una maana ya betri dhaifu. Feni ilikuwa imekula ampea 7 kila saa kwa zaidi ya saa sita kutoka betri ambayo pengine haikuwahi kujazwa vizuri dukani. Hita ilikuwa imezimika, na ndani kulikuwa baridi kama nje.

Baba alijilaumu kwa kuwatoa watu nje kwenye baridi bila sababu. Simkubalii. King'ora cha gesi husomwa maana yake mkiwa tayari nje.

Jumamosi na Jumapili

Jumamosi asubuhi baba alinunua springi za kusambaza uzito, na fundi mwenye gari la vifaa akaja kambini kuzifunga. Alipima kwanza urefu kutoka chini hadi ukingo wa juu ya gurudumu la mbele la pikapu ikiwa tupu: sentimita 96. Ilipounganishwa na trela bila springi ikawa 100. Baada ya kufunga na kurekebisha, ikarudi 97. Sentimita hizo 4 ndizo zilizokuwa zikiwamulika watu machoni Ijumaa.

Walirekebisha pia breki za trela. Zina kidhibiti chake ndani ya pikapu, na duka lilikiacha karibu na chini kabisa. Katika uwanja mtupu, kwa mwendo wa kilomita 40, fundi alikuwa akibana kile kidhibiti peke yake na kuongeza kidogo kidogo hadi magurudumu ya trela yakakaribia kujifunga, akarudisha nyuma kiasi. Kaka alijifunza hapo kwamba trela likianza kuyumba, mkono wake uende kwenye kidhibiti hicho, mguu usiende kwenye breki.

Jumapili walirudi, tangi la maji likiwa tupu, mizigo imehamia ndani ya trela karibu na ekseli, bibi na watoto wakiwa garini mwangu. Tulipita tena kwenye mizani. Pikapu iliyoungwa na trela, ikiwa na baba na mama tu, ilisoma kilo 3,080, chini ya kikomo cha uzito wake wote ikiwa imepakiwa, 3,175. Ukiongeza bibi na watoto, kilo 135, inazidi tena kwa 40. Springi zimerudisha usawa, ila namba ya mlangoni haikubadilika.

Daftari la mama lilikuwa na mambo 17. Duka lilikubali kuyatengeneza chini ya dhamana, likabaki na trela wiki tatu.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikaa ndani ya swali. Wauzaji huuliza gari lako linaweza *kuvuta* kiasi gani, na jibu huwa namba kubwa inayofurahisha. Swali lililopaswa kuulizwa ni gari linaweza *kubeba* kiasi gani, maana trela halifuati nyuma tu kama mkokoteni, sehemu yake inakaa mgongoni mwa gari pamoja na mke, watoto, mama mzazi na sanduku la nyama. Kwa pikapu za kiasi hiki, uwezo wa kubeba huisha mapema sana kabla uwezo wa kuvuta haujaguswa. Familia kubwa, na zetu ni kubwa, huufikia haraka zaidi. Wangepima watu wao na kusoma mlango wa dereva kabla ya kwenda dukani, wangenunua trela dogo zaidi.

Kosa la pili ni umbali. Waliifanya safari ya kwanza kuwa safari yenyewe, wakiwa na mgeni wa heshima na mahali pa mbali walipopasubiri kwa hamu. Hali hiyo inamnyima dereva uhuru wa kusema turudi. Trela likilala usiku mmoja kambi ya kilomita 20 kutoka nyumbani, hitilafu hizi zote zingeonekana na hakuna moyo ambao ungevunjika. Naamini hata usukani mwepesi ulimsumbua baba kuliko alivyokiri, ila ziwa lilikuwa mbele yake.

Kuhusu umeme sina mengi. Mtu mmoja ateuliwe kutazama nguzo ya nje kabla ya kulala, na vyombo vya kupasha moto viende kimoja kimoja.

Kilichofanya kazi vizuri ni tabia ya mama ya kutokiamini kitu kwa sababu ni kipya. Karatasi za chooni, valvu za hita, kutoka nje kwanza: yote matatu yalitoka kwa mtu ambaye hajawahi kuendesha trela maishani. Alisoma kitabu Alhamisi usiku wakati sisi wanaume tulikuwa nje tukilizunguka na kulipiga picha.

Jambo moja hatujakubaliana na kaka hadi leo. Anaona dola 180 za kuvutiwa kilomita 9 zilikuwa nyingi, na kwamba kwa barabara ya ndani, polepole, pikapu yake ingefika. Huenda ingefika. Lakini kiungio kilichokalishwa kilo 415 mahali pa 227 kilikuwa tayari kimetembea kilomita 120 na kuyumbishwa vibaya, na hakuna kati yetu aliyeweza kuona ndani ya chuma. Ningelipa tena.

Baadaye

Mwezi Juni walifika Ziwa Superior kwa magari mawili. Kilima cha Duluth walikishuka kwa gia ndogo, trela likiwa limetulia nyuma. Bibi alikaa siku tatu ufukweni na alirudi nyumbani na mawe matano ya ziwa ndani ya sanduku.

Kaka anatafuta pikapu nyingine. Nilifuatana naye Jumamosi moja kwenye yadi za magari. Muuzaji alianza kutaja nguvu ya injini. Kaka alikuwa ameshafungua mlango wa dereva na ameinama, anasoma kibandiko, kalamu mkononi.